Kiti cha Mwenye Sahihi

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na mkazamjomba na mwanao Kinanda. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila akisikia kuna harusi mahali yanapona siku hiyohiyo. Bibi yupo na redio yake ipo, na wote wawili hawazimwi. Anaulizia kila asubuhi utakuja lini kumwona. Alitaka nikupigie simu, nikamkumbusha kwamba masikio yako uliyaacha kwenye injini za watu, kwa hiyo tukitaka usikie lazima tuandike. Akasema basi andika kwa herufi kubwa.

Huku tumeshapakwa rangi. Jumatatu walikuja watu na ngazi, wakafuta ile alama yetu ya mkiani mwa ndege na kuweka ya kampuni yenu. Watu wazima walitoka kwenye karakana wakasimama kutazama, mikono mifukoni. Jioni ndege ilikuwa ileile na haikuwa yetu.

Wiki iliyopita nilikaa tena kwenye kiti. Nimekueleza desturi yetu mara nyingi, najua utajifanya umesahau. Fundi anayetia sahihi kazi kubwa anapanda ndege hiyohiyo safari yake ya kwanza ya majaribio, na anakaa kiti cha nyuma kabisa. Waliobaki wanaacha vifaa, wanatoka nje, na hakuna anayekaa wala kunywa chai mpaka magurudumu yaguse chini. Mjomba, nimekaa pale mara nyingi na bado kila mara mwili unanisisimka. Kitu kizito kama nyumba, nimekifungua mpaka mifupa na kukifunga kwa mikono hii, halafu kinanyanyuka na mimi ndani. Kwenu huko mna ndege kubwa kama mtaa mzima, na wewe mwenyewe hujapanda hata moja. Sijui unapataje usingizi.

Jambo moja. Watu hapa wanasema kampuni zikishaungana mafundi watazidi ndege, na watakaopunguzwa watatolewa mwisho wa mstari. Wanauliza mstari utapangwaje. Wanajua mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi huko ni mjomba wangu, basi wananiuliza mimi. Nimewaambia sijui, na kweli sijui.

Mpwa wako,
Nati


27 Februari

Mwanangu Nati,

Marahaba. Barua yako nimeipata na herufi zilikuwa kubwa vya kutosha, mwambie mama yangu. Sisi wazima. Mkazamjomba wako ameanza kufuga kuku na sasa kuku wanapewa heshima kuliko mimi. Dada yangu mwambie magoti ni ya ukoo wetu, hata mimi siku hizi nikiingia chini ya bawa natoka kwa kutambaa.

Unanichokoza kuhusu kupanda ndege. Nilikwambia, kazi yangu ni chini. Mpishi wa hoteli haendi kulala kwenye kitanda cha wageni. Tikiti zangu za kila mwaka wamepanda majirani, wamepanda wakwe, hata mchungaji alipanda, na wote wamerudi wazima. Hiyo ndiyo sifa ya fundi.

Ulipokuwa mdogo ukija likizo nilikuwekea nati moja mkononi ukalala nayo usiku kucha, asubuhi ikawa imekuchora kiganja. Ndipo nikakupa jina. Nikakufundisha kwamba nati ikikazwa zaidi ya kipimo ni mbaya sawa na nati iliyolegea. Hilo nadhani bado unalikumbuka, maana huku vijana wanakaza kwa hasira.

Wiki hii tumebadilisha breki za ile kubwa yetu. Ukiziona, sahani juu ya sahani, unajiuliza ni nani aliyekaa akawaza kwamba mzigo wote ule, na mbio zote zile, zitasimamishwa na vitu vya kusuguana. Nimezishika maisha yangu yote na bado nazionea ajabu.

Mambo ya chama tuyaache kwenye chama. Soma, fanya kazi, sikiliza wakubwa wako wa hapo. Kinanda anakusalimu.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Bibi alipata mafua, akayakataa, yakaondoka. Mama ameagiza nimuulize mkazamjomba wale kuku wanataga au ni urafiki tu.

Jana walibandika tangazo la chama chenu kwenye ubao wetu, pale mlangoni tunapochukulia vifaa. Nilikuwa nimetoka chini ya ndege, mikono ina grisi, nikasoma nikiwa nimeiweka mbali na karatasi. Limeandikwa kwamba mstari mmoja wa mafundi utapangwa kwa miaka ya kazi, na miaka itakayohesabiwa ni ile ya kampuni yenu tu. Ya kwetu haitahesabiwa, kwa sababu chama hakijui miaka yetu ilitumikaje wala kazi yetu ina kiwango gani. Maana yake fundi mwenye mvi wa hapa anasimama nyuma ya mtoto aliyeajiriwa kwenu mwaka juzi. Na wote tunajua mkasi utaanzia upande gani.

Chini kuna sahihi. Hiyo sahihi naijua, ndiyo iliyokuwa kwenye kadi za kunipongeza shuleni, ile yenye mkia mrefu.

Wenzangu walisoma wakanitazama, na hakuna aliyenisema kwa ubaya. Msimamizi wetu alinimiminia chai tu. Mjomba, mimi siwezi kukubishia, na wala sikuandiki kugombana. Nakuuliza kama ulivyokuwa unaniruhusu kuuliza nikiwa chini ya meza yako. Mimi nisimame wapi?

Mwisho wa mwezi naenda kozi ya injini mpya, ile niliyoahidiwa kabla ya haya yote. Ni mbali, miezi minne. Kinachoniuma ni kwamba ninamaliza ndege moja na sitakuwepo siku ya majaribio. Nimebadilisha miguu yote ya kutua, ile mitatu yenye magurudumu, na mfumo mzima wa kuikunja na kuikunjua. Ni kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kutia sahihi. Desturi inasema mwenye sahihi akikosekana, kiti kikaliwe na mtu aliye tayari kumwamini. Nimemwomba msimamizi akae yeye.

Andika kwa anwani ya chuo, nimeiweka nyuma ya bahasha.

Nati


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, popote ulipo. Mimi mzima. Chakula cha huku hakina kosa wala hakina ladha. Barua yako haijafika. Kila nikishuka ngazi mtu wa mapokezi anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo, tumeshazoeana.

Sijui nikueleze vipi mambo ninayoyaona. Jana mwalimu alitugawia kila mmoja bapa moja la ndani ya injini, lile la nyuma ya tanuri, jembamba, fupi kuliko kiganja changu. Akasema hewa inayolipiga ni ya moto kuliko kiwango ambacho bapa lenyewe linayeyukia. Tukacheka, tukadhani anatupima akili. Hakuwa anatania. Lina vitundu vidogo ambavyo jicho linavikosa mpaka ulielekeze kwenye mwanga, na kupitia humo hewa ya baridi inatoka na kulifunika kama shuka. Linazunguka ndani ya moto huo safari baada ya safari, limejifunika pumzi tu. Na wanalikuza, Mjomba, halichongwi. Chuma kinapoa polepole kutoka upande mmoja mpaka bapa zima linakuwa chembe moja, halina ungio hata moja la kuachia.

Nililiweka mkononi nikakumbuka ile nati yako. Nilitamani ungekuwa hapa ulishike. Ningependa kuona uso wako.

Kuhusu lile nililouliza, sitauliza tena. Kama umenyamaza kwa sababu umekasirika, nisamehe. Kama umenyamaza kwa sababu jibu lipo na ni baya, basi nimelipata.

Msalimie Kinanda. Katika barua yako ulimtaja mstari mmoja tu, na wewe kwa kawaida ukianza kumsema yule hunyamazi. Mzima kweli?

Nati


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Nakuandikia nikiwa chumbani kwako, kwenye meza yako, na kiti chako hiki mguu mmoja ni mfupi. Fundi wa ndege unakalia kiti kinachocheza. Nimekwishaweka kipande cha mbao.

Chama kilinituma huku na wajumbe wenzangu wawili, tukague kazi yenu kabla ya mkutano mkuu. Nikwambie wazi, tulitumwa tutafute makosa. Wenzangu walikuja kwa ndege. Mimi nilisema tumbo halijatulia, nikaja kwa basi, siku mbili. Nimefika, mama yangu akaniuliza nimekuja na nini. Nikasema kwa basi. Akazima redio, jambo ambalo dada yangu anasema hajaliona mwaka huu, akaniambia, "Mwanangu, hizo ndege unazitengeneza vibaya nini, mbona huzipandi?" Nikaomba maji.

Karakana yenu ni ndogo kuliko kantini yetu. Siku tatu tulipita na tochi. Nilipapasa, nilichungulia, nilipima upya vitu vilivyopimwa. Wenzangu wakawa wananiuliza kwa macho, na mimi nikawa nageuza uso. Nilikuwa natafuta kosa la mtoto niliyemfundisha mimi, na kila nilipolikosa nilifurahi na kukasirika kwa pamoja. Ndiyo hali niliyokuwa nayo, usinicheke.

Siku ya nne ilikuwa majaribio ya ndege yako. Walipoitoa nje, watu wote waliacha vifaa. Sikuwa nimeamini ulipokuwa unaniambia. Mfagiaji aliegemeza fagio ukutani akatoka. Mama wa stoo alifunga dirisha akatoka. Wakasimama kwenye jua, na chai imeshamiminwa ndani inapoa. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote mahali ambapo ndege ikitoka mlangoni tunageuka kuitazama inayofuata.

Msimamizi wenu alikuwa na fulana ya njano mkononi, tayari kupanda. Akanijia. Hakupandisha sauti, ila alinigeukia usoni ili nisome midomo. "Mzee, mwenye sahihi ni wa kwenu. Kiti ni chako ukikitaka. Usipokitaka nakaa mimi, hakuna neno." Akaninyooshea fulana.

Nati, hakuwa ananitega. Nilimtazama sana usoni, hakuwa na ujanja. Lakini wenzangu wawili walikuwa pale, na mimi nilielewa nimewekwa wapi. Nikikataa, nimewaambia watu wote wale kwamba kazi ya mpwa wangu siiamini. Nikikubali, nitasimamaje kwenye mkutano kusema hatujui miaka yao ilitumikaje. Na chini ya hayo mawili kulikuwa na la tatu, ambalo mama yangu alishaligundua. Naogopa. Siku zote nimeogopa. Ukijua kila nati iliyomo ndani ya kitu, unajua pia idadi ya vitu vinavyoweza kuachia.

Nikavaa fulana.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka mkanda, na kwamba viganja vyangu vililowa kama vya mtoto wa mtihani. Injini zilipopanda sikuzisikia kwa masikio, unajua yalivyo, nilizisikia kwa nyayo na kwenye meno. Halafu tukaanza kukimbia, na mimi nikawa nahesabu kichwani kila kitu kinachofanya kazi kwa wakati ule, hiki kinavuta, hiki kinasukuma, hiki kinashikilia, mpaka ghafla mtetemo wa chini ukakatika. Ardhi ilikuwa imetuachia. Mwanangu, nilikuwa nimeweka viatu sakafuni kwa nguvu kana kwamba ningeweza kuizuia.

Kisha miguu ikapanda. Miguu yako. Niliisikia kwa nyayo, kishindo cha mbele, kishindo cha kushoto, kishindo cha kulia, na milango ikafunga. Rubani akaishusha tena, akaipandisha, akaishusha, kama walivyokuwa wamepanga. Kila mara vilikuja vishindo vitatu, vilevile, kwa mpangilio uleule, bila kusita. Nilivua viatu ili nisikie vizuri zaidi. Nilikaa na soksi zangu kwenye ndege ya watu, mzee mzima, machozi yananitoka, nasikiliza kazi yako kwa miguu. Nimefundisha vijana wengi. Sijawahi kukaa juu ya kazi ya hata mmoja wao.

Nikachungulia dirishani. Maisha yangu yote nimetazama tumbo la ndege na tumbo la mawingu. Kumbe mawingu yana mgongo, na mgongo wake ni mweupe, na jua linatembea juu yake mahali ambapo hakuna mtu. Nilifikiri juu ya tikiti zote zile nilizogawa. Mchungaji aliyaona haya akarudi akaniambia tu kwamba juisi ilikuwa nzuri.

Tulipotua niliomba Mungu kwa sauti, rubani atakuwa amesikia. Magurudumu yaligusa kwa upole hata sikujua tumegusa mpaka nilipowaona watu wenu wakigeuka wote kwa pamoja kwenda kunywa chai. Ilikuwa imepoa kabisa. Walinipa kikombe nikanywa nimesimama nao.

Sasa nikujibu lile uliloliuliza, maana barua yako ya mwisho nimetumiwa hapa. Kinanda mzima. Ana miaka mitano kazini na leseni yake aliipata mwaka jana. Wewe una kumi na moja. Tukihesabu miaka ya kampuni yetu peke yake, Kinanda yuko salama na wewe uko mkiani. Tukihesabu ya kila mmoja popote alipoitumikia, wewe uko katikati na Kinanda ndiye mkia. Nilijua hivyo siku ninaweka sahihi kwenye lile tangazo. Nilikuwa namlinda mwanangu, nikayaita maneno ya chama. Ndiyo maana nilinyamaza.

Mkutano ni wiki ijayo. Kesho narudi nyumbani kwa ndege. Mama yangu amecheka mpaka amekohoa.

Mjomba wako


26 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilizunguka, imenifikia juzi. Mtu wa mapokezi aliniletea mwenyewe mpaka mlangoni, alifurahi kuliko mimi.

Nimeisoma mara nyingi na kila mara nasimama pale ulipovua viatu. Miaka yote nakaa kwenye kile kiti sikuwahi kufikiria kuvua viatu. Nitajaribu.

Kwa tarehe ya leo mkutano umeshapita, kwa hiyo ninachoandika hapa hakibadilishi kitu, na labda ndiyo maana naweza kukiandika. Mjomba, sikutaka unichague mimi mbele ya Kinanda. Nilipokuuliza nisimame wapi nilikuwa na hasira, nilitaka uone aibu kidogo, basi. Sikujua kwamba upande wa pili wa mizani amekaa yule mtoto niliyembeba mgongoni, aliyekuwa analia kwa sauti mbili mpaka tukamwita Kinanda. Ningejua nisingeuliza. Au ningeuliza hivyohivyo, sijui, kwa sababu wapo wenzangu pia na wana watoto wao. Hakuna upande ambao ningesimama nikapata usingizi.

Kama umefanya nililofikiri, mwambie Kinanda sikuomba. Kama hukufanya, bado wewe ni mjomba wangu na ulipanda. Hakuna anayeweza kuniondolea hilo.

Nati


8 Julai

Mwanangu Nati,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasubiri niwe na jambo la kuandika ambalo si maumivu matupu. Mkazamjomba wako hajambo. Kuku wanataga, mjulishe dada yangu, tena wanataga vizuri.

Mkutano ulifanyika kantini. Niliposimama nilisema maneno machache, mwenyewe nilikuwa nimetayarisha mengi yakapotea. Nilisema nimekaa juu ya kazi yao, kwa hiyo siwezi tena kusema siijui. Nikaomba kila fundi ahesabiwe tangu siku alipoanza kazi, kwa kampuni yoyote ile kati ya hizi mbili. Kelele zilizofuata hata mimi nilizisikia. Nikaitwa msaliti, nikaitwa kibaraka wa kampuni, mmoja niliyemfundisha kushika spana akaniambia nimezeeka vibaya. Kisha akasimama mmoja wa wale wajumbe wawili tuliokwenda wote. Mtu mkimya, sikuwa namtegemea. Akawaeleza habari ya chai. Kwamba aliona karakana nzima, na mfagiaji na mama wa stoo, wamesimama juani wakiingoja ndege moja mpaka imetua, na chai ikapoa, na hakuna aliyeona ni ajabu. Akasema yeye hawezi kuwaweka watu hao nyuma ya mtu yeyote. Akakaa.

Mikono ilihesabiwa mara mbili. Tulishinda kwa tofauti ndogo sana. Halafu mikono ileile, na mingine zaidi, ikaniondoa kwenye uenyekiti. Siwalaumu. Niliwaambia jambo moja miezi kadhaa nikaja na jingine. Nimerudi kwenye breki zangu, na kusema kweli nilikuwa nimezikumbuka.

Wewe uko katikati ya mstari. Utahamishiwa huku ukimaliza kozi, na wenzako wengi wamebaki. Kinanda ni mmoja wa waliopunguzwa. Nafasi zikitokea, wao ndio wa kwanza kuitwa, imeandikwa. Alikuwa amekaa safu ya mbele siku ya mkutano. Sikumtazama, na yeye tangu siku ile hakunisemesha. Nyumba yetu unaijua ilivyo ndogo. Tulipishana ukumbini kama watu wa gesti, anamsalimia mama yake, anawasalimia kuku. Nilikuwa nafika mlangoni kwake nasimama, narudi. Sikuwa na la kumwambia ambalo lingekuwa kweli na likamfariji.

Mwezi wake wa mwisho walimpa ndege moja ya kampuni yenu, ya kwanza kuletwa huku kufanyiwa kazi kubwa, na miguu ya kutua ikawa sehemu yake. Sijui nani alipanga hivyo. Wenzako waliotangulia kuja walikuwa naye. Nilikuwa nampita kwa mbali na kumwona ameinama, anapima, anapima tena, hakazi kwa hasira hata kidogo. Mtu aliyeshaambiwa kwamba mwisho wa mwezi hatakiwi. Nilishangaa moyo ule ameutoa wapi. Akatia sahihi yake ya kwanza kwenye kazi kubwa, na kwa sasa ya mwisho.

Wakubwa walisema huku hakuna desturi ya kiti. Wenzako wakasema basi ndege haitatoka mlangoni. Walikuwa wachache na walisema kwa adabu, na hawakusogea. Baadaye wakasogea watu wetu wakasimama nao, hata yule aliyesema nimezeeka vibaya. Mwisho wakubwa walichoka.

Jana Kinanda alipanda. Tulitoka nje, karakana nzima, na karakana yetu unajua ukubwa wake, tulijaa uwanja. Mkazamjomba wako alisimama nje ya uzio na kikapu cha mayai alichosahau kukiweka chini. Sikuisikia ndege ikipaa, niliiona tu ikinyanyuka, ikawa ndogo, ikawa kitone, ikapotea. Mwanangu, kukaa ndani ni rahisi. Hujanieleza kamwe kwamba kusimama chini na mtu wako yuko juu ndiyo kazi. Hakuna aliyekaa. Mimi niliyapima yale mawingu kwa macho kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe, na nilijua sasa kuna nini upande wa pili, na kwamba mwanangu alikuwa anakitazama.

Ilipotua watu walikwenda kwenye chai. Mimi nikabaki palepale. Kinanda alishuka ngazi, viatu vyake amevishika mkononi. Akapita kwa wenzake, akapita kwa rubani, akaja mpaka mbele yangu na kusimama karibu, uso kwa uso, anavyojua lazima afanye ili nimwelewe.

"Baba," akasema, "mguu wa kushoto unachelewa kidogo kupanda. Uko ndani ya kipimo, lakini nimeusikia. Mwambie dada Nati auangalie akifika."

Nimekufikishia.

Mjomba wako